Mkunazi Uliotoka Kinywani

Hebu mtazame anavyokuja, msomaji wangu. Usimharakishe. Kichwani ana kasha la mbao, kwapani ana jamvi lililokunjwa, na miguuni ana siku mbili za njia ya Takaungu. Mbele yake anakwenda bibi yake, Bi Ummulkheir, mjane wa Kiarabu, ushungi umemfunika hata kidevu. Wamevuka kivuko cha Kisauni asubuhi, punda wameachwa ng'ambo, na sasa wanazipita njia nyembamba za Mombasa kwenda Kibokoni, kwenye nyumba ambayo Bi Ummulkheir ameirithi kwa kaka yake. Mwaka ni 1891, au pembeni yake. Msichana ana miaka kumi na minane hivi. Jina lake Mejumaa. Ni mtumwa.

Mtazame vizuri shavu lake la kushoto. Limevimba, si kwa jino.

"Sabalkheri, Bi Ummulkheir! Karibu Mvita!" wanawake wanaita kutoka barazani. "Na huyu nani?"

"Mejumaa wangu huyu."

"Hujambo, Mejumaa?"

Mejumaa anainamisha macho. Hasemi neno.

"Masikini, bubu!"

"Bubu? Huyu?" Bi Ummulkheir anacheka. "Njia nzima ameimba, hata punda wamechoka naye."

Kilichokuwa shavuni ni makokwa. Njiani alikuwa akila kunazi, yale matunda madogo ya duara, ukubwa wa ushanga wa mwanamke mwenye uwezo, machachu kidogo, kokwa lake gumu kama kijiwe. Huko porini alikuwa akiyatema popote. Lakini walipoingia mjini, Mejumaa hakujua tena ni wapi mtu kama yeye anaruhusiwa kutema. Kila alipotazama palikuwa na mlango wa mtu, au baraza ya mtu, au mzee amekaa kitako. Akayaweka makokwa shavuni, akayabeba pamoja na kasha, mpaka akafikishwa ua wa nyuma, akaambiwa, "Wewe utalala hapa, chumba hiki." Bibi alipogeuza kisogo, ndipo Mejumaa alipoyatema yote karibu na kisima. Yalikuwa saba.

Mvua ya masika ikanyesha. Siku moja Bi Ummulkheir akatoka uani na tasbihi yake, akasimama, akainama.

"Mejumaa! Nani amepanda mti hapa?"

"Sikupanda, Bibi. Nalitema."

"Ulitema?"

Mejumaa akaeleza habari ya shavu, kwa woga, kwani kutema mate kwenye nyumba ya mtu ni utovu wa adabu. Bi Ummulkheir akacheka hata akaketi kwenye mdomo wa kisima. Alipopata pumzi akasema, "Basi mti uliotoka kinywani mwako ni wako. Ardhi yangu, mti wako. Utakapozaa utanipa kunazi kwa hiari yako, nami nitasema ahsante."

Hapa nisimame kidogo, maana wa leo huenda asinielewe. Zamani pwani hii mti ulikuwa na mwenyewe, na ardhi ina mwenyewe. Mtu aliweza kuwa na minazi yake kumi katika shamba la mwingine, akaiuza, akairithisha, akaitoa mahari, na mwenye shamba asiwe na la kusema ila kumwitikia salamu anapokuja kuangua. Hapakuandikwa kitu. Watu walijua tu, kama unavyojua mlango wa jirani yako.

Ua wenyewe ulikuwa mdogo. Hatua kumi na moja urefu, tisa upana, na kuta za mawe pande tatu. Na Mombasa ni jiwe, udongo wake mwembamba kama mate; ukichimba shubiri moja jembe linalia. Mejumaa alivunja mwamba kwa mtaimbo, shimo moja msimu mmoja. Kila alipotumwa shambani Kisauni kuleta nazi, alirudi na kikapu cha nazi kichwani na kifurushi cha udongo mwekundu mgongoni. Watu wa kivukoni wakimcheka: "Mejumaa, wahamisha Kisauni kidogo kidogo?" Naye akiwajibu, "Ikihama yote mtavuka kwenda wapi?"

Ndivyo alivyopata mkomamanga, kwa kijiti alichoomba kwa jirani. Kisha mstafeli, kisha mdimu, kisha mpera mmoja mkaidi uliokaa miaka mingi bila kuzaa. Akiwapa matumbo ya samaki, majivu ya jikoni, na maji yaliyooshea mchele, kwa sababu maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi na aliogopa yatawachoma mizizi. Mastafeli yakianza kunenepa aliyavika vikapu vidogo vya ukili alivyosuka mwenyewe, popo wasiyaguse. Mgeni akiingia uani huona mti umetundikwa vikapu kama duka. Alisema "wao," kama watu, si "hiyo": "Wamekunywa leo?" "Wamelala vizuri?" Bi Ummulkheir akazoea, naye akaanza kuwauliza hali.

Katika miaka ile Mejumaa aliolewa, kwa idhini ya bibi yake, na hamali mmoja wa misafara aliyeitwa Mung'aro, mtu wa upande wa Rabai, mpole, mwenye mabega mapana. Walikaa pamoja miezi saba. Kisha Mung'aro akachukua mzigo wa safari ya Uganda kichwani, na hiyo ndiyo habari yake ya mwisho. Aliacha mimba. Mwaka wa 1893 Mejumaa akazaa mtoto wa kike. Bi Ummulkheir, aliyekuwa hana mtoto, akaomba ampe jina yeye, akamwita Hind.

Kitovu kilipoanguka, bibi mwenyewe alisema, "Kizike chini ya mkunazi wako. Mtoto ajue kwao ni wapi."

Mejumaa alikifunga kwenye kitambaa cheupe, akachimba upande wa kibla wa mti, akakifukia. Tangu siku hiyo mti ukapata mwenyewe mwingine. Haukuwa wa Mejumaa tena, ukawa wa Hind. Mtu akitaka kunazi lazima amwombe Hind, hata kabla Hind hajajua kusema ndiyo.

Sasa, mkunazi si wa matunda tu. Kila Mwislamu anajua kwamba maiti huoshwa kwa maji yaliyofikichwa majani ya mkunazi. Na mikunazi mjini ilikuwa michache, kwani ina miiba na hula nafasi. Kwa hiyo msiba ulipotokea Kibokoni, au Kuze, au Mkanyageni, Bi Shariffa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha maiti wa kike, alikuja kubisha mlango wa uani. Na aliyekuwa akimfungulia alikuwa Hind, mwenye miaka minne, kisha mitano.

"Hodi!"

"Nani amekufa?"

"Loo! Mtoto huyu! Hata karibu hajui?"

"Karibu. Nani amekufa?"

"Bibi mmoja wa Kuze, mzee."

"Mkubwa au mdogo?"

"Nimekwambia mzee, mwanangu."

"Wazee wengine wadogo," alisema Hind. "Wewe ni mzee na ni mdogo."

Bi Shariffa alikuwa akisimulia maneno hayo hata kwenye nyumba za misiba, na watu waliokuwa wakilia wakacheka.

Hind alikuwa na kipimo chake. Alikuwa na kikombe cha kahawa kilichopasuka mdomo, ambacho Bi Ummulkheir alikuwa amekitupa. Mtu mzima alipimiwa vikombe saba vya majani. Mtoto, kikombe kimoja. Nani alimfundisha hesabu hiyo sijui. Nadhani aliitunga mwenyewe kwa kutazama mama yake akichuma. Alikuwa akiyashindilia majani kwa kidole gumba, akisawazisha juu kwa kiganja, kama muuza mchele mwenye haki. Bi Shariffa akijaribu kuongeza kwa mkono wake, Hind humzuia: "Yatosha. Wengine watakufa kesho."

Ikaja njaa ya mwaka wa 1898 na 1899. Wazee wa pwani hawaisahau ile. Watu walishuka kutoka bara wakiwa mifupa, na nyuma ya njaa ikaja ndui. Bi Shariffa akawa anakuja mara mbili kwa siku. Mkunazi ukapukutika upande mmoja kwa kuchumwa. Hind akapunguza kipimo, vikombe vitano kwa mtu mzima, akisema mti nao umeona njaa.

Kisha asubuhi moja Hind hakuamka kufungua mlango.

Mejumaa alimwona vipele kwenye paji la uso na viganjani. Akamficha siku mbili. Siku ya tatu watu waliopewa kazi ya kukagua nyumba wakaingia mpaka uani, wakamkuta. Amri ilikuwa kwamba wagonjwa wa ndui wapelekwe ng'ambo, kwenye kambi ya vibanda vya makuti, na asiwafuate mtu. Wakamlaza kwenye machela. Mejumaa akashika mti wa machela, akaenda nao hadi majini, na hapo wakambandua vidole kwenye mti kimoja kimoja. Hakuna aliyempiga. Mmoja alikuwa akisema, "Mama, mama, nasi tuna watoto."

Hind alikuwa macho. Alisema, "Mama, Bi Shariffa akija, mpimie wewe. Usimwache apime mwenyewe."

Mejumaa alivuka kila siku na kukaa kwenye kamba iliyofungwa kuzunguka kambi. Askari wa zamu alimzoea. Siku ya nane akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba yule mdogo wa Kibokoni amekwisha.

"Nipe nimwoshe."

"Hapana ruhusa, mama. Watazikwa leo hii."

"Basi ningoje. Usiwaache wamfukie, ningoje."

Akarudi mbio. Unaijua njia ile, kuvuka maji, kupanda, kupita mitaa yote, na kurudi tena. Alifika uani, akachukua kikombe kilichopasuka mdomo, akachuma. Akashindilia kwa kidole gumba. Akasawazisha kwa kiganja. Kikombe kimoja, kipimo cha mtoto. Akakifunga kwenye pindo la leso, akarudi.

Kamba ilikuwa pale pale. Askari alikuwa mwingine.

"Wameshazikwa," alisema.

"Wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu uwanja wa mchanga uliofukuliwa. "Kule."

"Yupi wangu?"

"Ni wengi, mama."

"Aliyewaosha aliwaosha kwa kitu gani?"

Askari akageuka akaikaza kamba yake. Labda hakuelewa swali, labda alielewa.

Mejumaa alirudi na majani kwenye pindo. Akayafukia chini ya mkunazi, upande wa kibla, pale pale. Alimwambia Bi Shariffa siku zile, "Kaburi lake silijui. Lakini kitovu chake nakijua kilipo. Hapa ndipo nitakapomzuru." Na kweli, kila Ijumaa asubuhi alikuwa akimwagia maji mahali pale, maji matamu ya kununua kwa mchota maji, si ya kisima, akikaa kidogo na kusoma alichokijua.

Watu wakaendelea kuja kutaka majani. Mejumaa hakumnyima mtu. Aliosha mji mzima, kwa namna ya kusema, na wake mmoja hakumwosha.

Mwaka wa 1903 Bi Ummulkheir akaugua ugonjwa wa kifua. Alipojiona hapandi tena ngazi, alimwita Bi Shariffa na mzee mmoja wa msikiti wa jirani wakae kitandani pake, akasema kwa sauti iliyokatika katika: "Shuhudieni. Mejumaa ni huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Miti yote ya uani ni yake, aliipanda kwa mkono wake, na ule mmoja kwa mate yake." Hapo akatabasamu. "Na akae chumba chake. Ardhi na nyumba ni vya warithi wangu, kama sheria ilivyo." Siku nne baadaye Bi Shariffa alikuja kuchukua vikombe saba.

Mrithi alikuwa mwana wa ndugu yake mwingine, Yeslam, aliyekuwa akifanya biashara Malindi. Alikuja kwa matanga, kijana mwenye adabu, akala makomamanga, akasema, "Bi Mejumaa, kaa. Nani atakayeniangalizia nyumba kama wewe?" Akaondoka. Miaka saba ikapita, mpera hatimaye ukazaa, na Mejumaa akazeeka kidogo. Yule mzee wa msikiti akafariki.

Ndipo serikali ilipotangaza kwamba kila mwenye ardhi aje aseme ardhi yake, iandikwe. Na isiyodaiwa na mtu itahesabiwa haina mwenyewe. Meza ikawekwa, na nyuma ya meza akakaa karani aitwaye Barnabas, Mkristo wa Rabai, shati jeupe, mwandiko mzuri. Mejumaa akaoga, akavaa leso mpya, akaenda. Alingoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

"Jina?"

"Mejumaa. Wa Bi Ummulkheir wa Kibokoni."

"Wadai nini, mama?"

"Nadai miti mitano. Mkunazi, mkomamanga, mstafeli, mdimu, na mpera."

Barnabas akatazama kitabu. "Kiwanja chenyewe?"

"Kiwanja si changu. Ni cha marehemu Bibi na warithi wake."

"Warithi wamekuja kudai?"

"Wako Malindi."

Karani akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwema, na nataka ulijue hilo. Akainama mbele, akasema taratibu ili wa nyuma wasisikie. "Mama, nisikilize. Nani anaishi humo?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoletwa. Huu mwaka wa kumi na tisa."

"Nani mwingine amekuja kusema ni chake?"

"Hapana."

"Basi sema ni changu. Neno moja tu. Mimi nitaandika, na miti yako itakuwa salama, maana kitabu hiki hakina mahali pa miti. Kina mahali pa ardhi tu. Mwenye ardhi ndiye mwenye kilicho juu yake."

"Astaghafirullah!" Mejumaa akarudi nyuma hatua moja. "Mwanangu, nile ardhi ya maiti? Mtu aliyenipa uhuru nimwibie udongo? Bibi alisema ardhi yangu, mti wako. Shahidi yupo, Bi Shariffa. Andika miti."

"Hapana mahali pa miti."

"Patafute."

Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika. Mtu mmoja akasema, "Huyu mama amekuja kuandikisha mapera!" Wakacheka. Barnabas akachukua kalamu ya risasi, na pembeni mwa ukurasa, palipo wazi, akaandika kwa herufi ndogo. Akamsomea: "Miti mitano, mwanamke Mejumaa."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke."

Akatoka pale ameshiba furaha. Alipofika nyumbani aliwaambia miti, wote watano, mmoja mmoja, kwamba wameandikwa kwenye kitabu cha serikali.

Miezi michache baadaye Yeslam akaja kutoka Malindi akadai kiwanja, kwa haki, akapewa. Kitabu kikanakiliwa kwa wino. Yaliyokuwa pembeni kwa kalamu ya risasi hayakunakiliwa.

Mwaka wa 1912 Yeslam akaja tena. Safari hii alikaa barazani muda mrefu kabla hajaingia uani. Mejumaa akamletea komamanga limepasuliwa kwenye sahani. Hakuligusa.

"Bi Mejumaa, nina neno zito."

"Sema, mwanangu. Zito hubebwa na wawili."

"Nimeuza. Nyumba na ua. Mfanyabiashara anataka kujenga bohari, aunganishe na lake la nyuma."

Mejumaa akaisogeza sahani kando. Kisha akauliza, "Na miti?"

"Miti ni yako. Sikatai, Wallahi. Shangazi alisema, na mimi nimesikia kwa Bi Shariffa. Lakini iko juu ya kiwanja."

"Iko juu ya kiwanja."

"Ndiyo."

"Nami niko juu ya kiwanja, Yeslam. Mimi nami umeniuza?"

Bi Shariffa, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, alimwapia bibi yangu kwamba kijana yule alifunika uso kwa kilemba chake, akalia kama mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kutia sahihi. Alimwambia achukue chochote, akate mbao, achimbe, ahamishe, atampa watu wa kumsaidia.

Mkomamanga huhamishika kwa kijiti. Mdimu, ukibahatika. Lakini mkunazi wa miaka ishirini, uliopita kwenye nyufa za mwamba na kukumbatia mawe ya kisima, utauhamishaje? Na kitovu je? Mejumaa alichimba upande wa kibla kwa mikono. Alipata udongo, na udongo, na uzi mmoja mweupe ambao pengine ulikuwa mzizi. Akaurudisha.

Aliomba siku kumi, akapewa. Katika siku hizo aliuchuma mkunazi wote. Alipanda juu mwenyewe, miiba ikamchana mikono hadi viwiko, hakuacha tawi. Akayaanika majani juu ya jamvi lile lile alilokuja nalo kutoka Takaungu, akayatwanga, akayachekecha, ukatoka unga wa kijani. Kisha akakaa na kikombe kilichopasuka mdomo, akapima, akafunga vifurushi, akapita nyumba kwa nyumba.

"Hodi. Nimekuleteeni majani ya mkunazi. Mti wakatwa Jumatatu. Haya ya kwenu."

Wengine walipokea wakiomba dua. Wengine walishtuka. "Mejumaa! Waniletea kifo mlangoni asubuhi hii, hata chai sijanywa?"

"Chai kunywa. Hayaozi."

"Na mbona changu kikubwa kuliko cha mke mwenzangu?"

"Kwa kuwa wewe mnene, dada."

Wakacheka, naye akacheka, akaenda mlango wa pili.

Jumatatu mafundi wakaja na mashoka. Mti ulikuwa mtupu, umebaki miiba. Shina lilikatwa, lakini kisiki kilishindikana kwa sababu ya mwamba. Wakamwaga mawe na chokaa juu yake, wakatwanga sakafu. Baada ya mwezi palikuwa na magunia ya sukari pale.

Mejumaa akahamia chumba cha kupanga upande wa Mwembe Tayari. Kijiti cha mkomamanga alichokipanda mlangoni kililiwa na mbuzi wa jirani. Hakupanda kingine. Ijumaa asubuhi walimwona Kibokoni, nje ya ukuta wa bohari, ana kibuyu cha maji matamu. Akiyamwaga chini ya ukuta, kisha akiweka kiganja juu ya jiwe. Watoto wa mtaa walimwita Mama Ukuta. Siku moja karani Barnabas alimpita pale, akasimama, akavua kofia. Alisema, "Mama, mimi niliandika." Naye akamwambia, "Najua, mwanangu. Najua uliandika." Akamwaga maji yaliyobaki.

Alikufa katika homa kubwa ya mwaka wa 1918, ile iliyochukua watu kama upepo wa kaskazi unavyochukua majani. Bi Shariffa, mzee sasa na bado mdogo, alikwenda kumwosha. Akafungua kasha la mbao kutafuta sanda. Sanda ilikuwapo, imekunjwa, na juu yake vifurushi viwili vya unga wa mkunazi. Kimoja kikubwa, vikombe saba. Kwa hicho alimwosha, taratibu, mara tatu, na maji yakanukia ua ule.

Cha pili kilikuwa kidogo. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alipokifungua, Bi Shariffa hakuhitaji kuuliza ni cha nani. Kilikuwa kikombe kimoja, kimeshindiliwa kwa kidole gumba, kimesawazishwa kwa kiganja.

Akasimama nacho mkononi, wanawake wenzake wakimngoja. Kaburi la yule mtoto halijulikani. Kitovu chake kiko chini ya sakafu ya chokaa na magunia ya mtu. Mama yake amekwisha kuoshwa, na sanda inangoja kufungwa.

Nawe, msomaji wangu, kama kifurushi kile kingekuwa mkononi mwako, ungekipeleka wapi?